Kidirisha cha Nyuma ya Fuso

Siku Agnetha aliponiuliza Fuso langu linalala wapi, nilidhani ananitania. Nilikuwa nimekaa mbele ya meza yake, karibu na stendi ya Shinyanga, nimekumbatia mkoba wangu kifuani. Nikamjibu kwamba gari halilali, linasimama tu. Alitabasamu, akauliza tena polepole, kama muuguzi anayetafuta mahali panapouma. Jua likizama linasimama wapi? Kuna ukuta? Kuna mlinzi? Hapo nikaelewa kuwa jibu langu lina bei.

Agnetha ni wakala wa bima. Mimi ni mjane, watu wa mtaa wetu wa Kambarage wananiita Mama Limi, kwa jina la binti yangu aliyeolewa Tabora. Marehemu mume wangu Gregory, Mungu amrehemu, aliniachia nyumba, Fuso moja, na tajiri mmoja wa mzigo. Tajiri huyo ni Mwamvua, mfanyabiashara wa mchele pale Katoro, mji wa machimbo. Wachimba dhahabu wanakula wali kuliko watu wa harusi, na mchele wao Mwamvua anaununua huku kwetu, Fuso linaupeleka. Mwamvua ana sharti moja tu: gari linalobeba mchele wake liwe na bima kubwa. Bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga barabarani. Bima kubwa inakulipa na wewe, gari lako likipinduka au likiungua. Mwamvua aliwahi kuniambia bila kuficha kwamba mwenye gari lililoungua bila bima hana cha kumrudishia mwenye mchele ila machozi, na machozi hayauziki Katoro. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kwangu. Bima kubwa ikinishinda, mchele wa Mwamvua unapanda gari la mwingine, na Fuso linauzwa kwa mwenye kulitaka.

Na ilikuwa inanishinda. Mawakala niliowaendea kabla ya Agnetha walitaja bei ambayo ungesema nimeleta ndege. Sababu ilikuwa ajali. Gregory alipoanza kuumwa, gari liliendeshwa na mpwa wake, Adam, kijana mwenye mguu mwepesi na mdomo mtamu. Sisi tulikuwa tumewaambia watu wa bima kuwa tunabeba mchele. Adam alipofika machimboni akawa anabeba marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa mara ya kwanza, ambao wenyewe hupeleka kuoshwa tena kwa dawa ili utoe dhahabu iliyobaki. Mchanga ule ni mzito kama risasi, na njia za machimbo ni mashimo matupu. Juu ya mchanga akapandisha akina mama wa sokoni. Alisema hakuna atakayejua. Fuso likalala ubavu kwenye mtaro. Namshukuru Mungu hakufa mtu, ila miguu ilivunjika, na bima walikataa kulipa, kwa kuwa gari halikuwa kwenye kazi tuliyowaambia. Gregory aliuza ng'ombe mpaka zizi likabaki uwanja, akawatibu wale mama mpaka wakatembea. Halafu yeye mwenyewe akalala, hakuamka tena.

Ndiyo maana namshukuru Agnetha hata kabla sijafika mbali. Wengine walinitajia bei. Yeye alinieleza inatoka wapi. Mimi nilikuwa nadhani bei ya bima ni kama bei ya sukari, imepangwa huko juu, unalipa au unarudi nyumbani. Akasema hapana, mama, bei hii inatoka kwako. Kampuni inajiuliza neno moja tu: huyu atatuletea hasara au hatatuletea? Kisha wanatazama nani ameshika usukani na ameshika kwa muda gani, gari lina thamani gani, linabeba nini, linapita njia ipi, linalala wapi, na zamani liliishi vipi. Njia ya machimboni inawatia hofu, kijana asiyezoea anawatia hofu, ajali ya nyuma inawatia hofu zaidi ya vyote. Hofu yao ikipanda, bei inapanda. Nilipokuwa namsikiliza niliona ni kama yale maswali tunayojiuliza kabla ya kuungama: ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, ulifanya nini ulipokuwa huonekani.

Tukaanza kuishusha. Adam nilimwambia kwa upole akatafute riziki nyingine, na leo ana bodaboda yake Geita, sina ugomvi naye. Nikamchukua Chacha, mtu wa Tarime, mwenye mvi, aliyeendesha malori tangu kina Limi wanasoma shule ya vidudu na hajawahi kugonga hata mbuzi. Nikamwendea paroko nikamwomba gari lilale ndani ya ukuta wa parokia, mlinzi wa kanisa alilinde pamoja na kanisa. Paroko alikubali, akasema tu lisizibe mlango wa wanakwaya. Marudio nikayakana kabisa. Na la mwisho, ambalo kampuni ililitaka kuliko yote, nikaahidi na kusaini kwamba hakuna binadamu atakayepanda nyuma, kwenye mizigo, kwa sababu yoyote. Wakanipa bei ninayoiweza. Agnetha akanionya kwamba ni bei ya majaribio. Mwaka ukipita salama, itashuka. Ahadi ikivunjika, wataniacha, na hakuna mwingine atakayenipokea.

Nilitoka pale nikapita kanisani kushukuru. Sikujua kuwa ahadi ile ya mwisho ndiyo itakayonipima.

Mvua za kwanza zilipoanza, jirani yangu Martina alifariki. Tulikuwa naye jumuiya moja, nyumba yake na yangu zinatazamana. Mumewe Boaz, fundi wa kushona viatu, ni mtu wa Chato, akasema mke wake atazikwa kwao, kwenye makaburi ya ukoo. Kwetu, msiba ukitokea, mwenye gari hasubiri kuombwa. Gari linakuwa la wote. Jeneza linawekwa katikati, watu wanakaa kulizunguka, wanaimba mpaka wanafika. Gregory alipolala, Fuso lake lilibeba mtaa mzima kwenda kumzika Maganzo, nami nilikuwa kati yao, mkono wangu uko juu ya mbao. Kwa hiyo mzee Mageni, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuzikana, alipofika kwangu hakuja kuomba. Alikuja kuniuliza tu watu wakusanyike saa ngapi.

Nilimwambia ukweli. Gari nalitoa, mafuta natoa, Chacha atatuendesha. Ila nyuma hatapanda mtu. Nikamweleza bima, nikamweleza ahadi, nikamweleza Mwamvua. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akawaambia wale waliokuwa naye, kwa sauti ya kunifikia:

"Siku hizi Mama Limi anamwogopa wakala kuliko msiba."

Neno lile lilipita mtaani haraka kuliko habari ya kifo chenyewe. Nilipokwenda kuosha vyombo msibani, wanawake walinisogezea sufuria bila kunitazama. Mmoja akauliza, akiitazama sufuria, kama na masizi nayo yana bima. Wakacheka. Nami nilicheka, maana lilikuwa na utamu wake, nikaendelea kusugua sufuria. Kwetu mtu akionekana ameukimbia msiba wa watu, siku yake ikifika anaachwa na jeneza lake mlangoni. Mimi ni mjane. Nina nani mwingine wa kunibeba?

Nikampigia simu Agnetha. Nilitaka kwanza kujua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria maishani.

"Mwanangu," nikamwambia, "kwenye bima, marehemu ni abiria au ni mzigo?"

Nikasikia amecheka, akaomba radhi hapo hapo, akanipa pole ya msiba. Akasema swali hilo hajawahi kuulizwa, atauliza wakubwa wake Mwanza. Alinipigia baadaye. Wakubwa walikuwa wamejadiliana, naye alikuwa anachagua maneno. Jeneza lenye kibali cha kusafirisha mwili wanalipokea kama mzigo halali, na safari ya msiba isiyo ya kulipwa haibadilishi bei. Mbele kwa dereva wanaweza kukaa wawili. Nyuma asikae mtu, hata mmoja, hata padre. Akarudia neno la padre, nadhani ananijua.

Basi tukapanga. Wanakikundi walichanga, nami nikachanga zaidi ya fungu langu, ikakodiwa Haisi ya abiria. Iliondoka alfajiri na wanawake waliojazana kama dagaa, Mageni kiti cha mbele. Fuso lingefuata jua likichomoza, na jeneza, magunia ya mchele wa msibani, sufuria, magodoro na turubai. Viti viwili vya mbele, kimoja ni cha Boaz, mwenye msiba wake. Kingine nilikaa mimi. Nilijiambia nimekaa pale kwa ajili ya kuilinda ahadi yangu. Sikumwuliza mtu mwingine kama anakihitaji.

Tulipokuwa tunafunga turubai, Chacha alitazama yale magunia akasema, "Ninyi Wasukuma mtu mnaweza kumzika bila padre, lakini bila wali hapana." Boaz alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mkewe afe. Nilimshukuru Chacha kimoyomoyo.

Njia ilikuwa njema. Mvua ilikuwa imetangulia, vumbi limelala, mashamba ya huku na huku yameanza kupasuka kwa majembe. Tulisali rosari mpaka Kahama. Chacha ni Msabato, alipunguza mwendo wakati wa kusali, akatusikiliza. Tuliposimama Kahama, Boaz alishuka. Mtu huyu alikuwa hajagusa chakula tangu juzi, uji tulikuwa tunambembeleza kama mtoto. Nikamwona ananunua chapati na chupa ya maji. Nikasema moyoni, asante Mungu, amepata hamu. Akazunguka nyuma ya gari. Aliporudi hakuwa na chapati wala chupa, na midomo yake ilikuwa mikavu vile vile. Nikadhani amekwenda kulia peke yake, nikamwachia faragha yake.

Ushirombo akashuka tena. Mara hii maji na ndizi. Akazunguka nyuma, akarudi mikono mitupu.

Mimi si mtu wa kuropoka. Niliketi nikatazama kamba ya turubai kwenye kioo cha pembeni. Chacha alikuwa amefunga kamba zote kwa namna moja, kwa mkono mmoja ule ule wa miaka mingi. Ya mwisho, upande wa Boaz, ilikuwa imefungwa kama kamba ya kiatu.

Tulifika Katoro mchana, mji umechemka, bodaboda zinapita kama nyuki, muziki kila duka. Chacha alisimama mbele ya ghala la Mwamvua atazame matairi. Watu walipoona kitambaa cheupe chenye msalaba kimefungwa mbele ya gari, waliokuwa na kofia walivua, na mwenye duka la jirani akazima muziki wake. Nikashuka, nikaenda moja kwa moja nyuma, nikaifungua ile kamba ya kiatu.

Serafina alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye gunia, mkono mmoja umelikumbatia jeneza. Khanga yake ilikuwa imekuwa ya rangi ya udongo. Ni mdogo wake Martina, tena si mdogo tu, kwa sababu mama yao alikufa Serafina akiwa ananyonya, na Martina ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akaanza shule. Wote tulidhani amekwenda na Haisi. Aliponiona hakushtuka. Alinitazama kama mtu anayengoja kufukuzwa.

Chacha alikuja, akaona, akashika kiuno. Yeye pia alikuwa hajui, na ilimuuma, maana leseni ni yake. Boaz alisimama kando, anatazama viatu vyake.

"Mama Limi, shemeji yangu aliniuliza nani atakaa na dada yake," akasema. "Ningemjibu nini?"

Kwetu maiti haiachwi peke yake. Tangu roho inapotoka mpaka udongo unapofunika, mwanamke wa damu yake anakaa kando yake. Nami nilikuwa nimempakia Martina kama nilivyozoea kupakia mchele, nikafunga turubai, nikakaa mbele kwenye kiti ambacho mdogo wake angekikalia.

Chacha akasema kwa sauti ya chini kwamba mbele kidogo, tukitoka mjini, kuna trafiki. Hakuniambia nifanye nini. Boaz ndiye aliyesema. Safari imebaki fupi, Serafina alale kati ya magodoro, turubai lifunikwe, hakuna atakayejua.

Hakuna atakayejua. Nilimsikia Adam ndani ya maneno yale, nikawaona wale mama wa sokoni kwenye mtaro. Halafu nikamwona Serafina, amejikunja, mwembamba, kamba moja tu inazuia jeneza lisimwangukie. Sitadanganya kwamba niliwaza bima peke yake, wala sitadanganya kwamba sikuiwaza. Vilikuja pamoja, na nilipovitazama niliona ni kitu kimoja. Wale wa bima walikuwa wanaogopa kumlipia mtu huyu akifa. Mimi niliogopa asije akafa.

"Serafina," nikamwambia, "shuka. Ukakae kiti changu mbele. Mimi nitabaki hapa Katoro."

"Na dada?"

Nikamnyooshea mkono ashuke.

"Dada yangu hakuwahi kuniacha peke yangu," akasema. Hakupaza sauti. "Msiniambie nimwache kwenye turubai kama gunia. Kama ni hivyo, mtushushe wote wawili hapa."

Watu walikuwa wameanza kutuzunguka. Mwamvua mwenyewe alikuwa ametoka ghalani, mikono ina unga wa mchele, amesimama mlangoni. Nikajua ananisikiliza, na kwamba lolote nitakalofanya, mwenye mzigo analiona. Nilifunga macho nikaomba, si sala ndefu, nilisema tu: Mama Maria, wewe ulikaa karibu na wako, nionyeshe na huyu atakaaje.

Nilipofumbua macho nilikuwa natazama kabini ya Fuso kwa nyuma. Pale pana kioo kidogo, cha dereva kuchungulia mzigo. Kwenye ukuta wa mbele wa bodi la mizigo, mahali pale, Gregory alikuwa ameweka nondo badala ya mbao, mzigo wa nyanya upate hewa. Kilichokuwa kati ya kiti cha mbele na jeneza la Martina kilikuwa kioo tu.

"Chacha, kile kioo kinatoka?"

Alikitazama, akanitazama. "Kimeshikwa na mpira tu," akasema. Akaenda kuchukua bisibisi.

Alikitoa kioo kizima bila ufa, akanikabidhi, nikakifunga kwenye khanga yangu ya juu. Vijana wa ghala la Mwamvua waliitwa na tajiri wao wakapanda, kwa heshima, wamevua ndala. Wakapanga magunia ya mchele mbele kabisa, wakainua jeneza wakaliweka juu yake, kichwa cha marehemu kikaelekea kabini, wakalifunga kwenye nondo kwa kamba mbili mpaka Chacha aliporidhika. Serafina akaingia mbele. Akapiga magoti juu ya kiti, uso umeelekea nyuma, akapitisha mkono kwenye kidirisha, kati ya nondo na nondo. Kiganja kikafika kwenye mbao.

Akaanza kuimba. Wimbo wenyewe ni ule tunaoimba jumuiya tukimaliza rosari, wa kumsindikiza mwenzetu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. Boaz akaupokea, nami nikaupokea nikiwa chini barabarani, na wanawake wa Katoro wasiotujua, wauza nyanya, wakaupokea pia, maana wimbo huo unajulikana.

Nikamwambia Chacha aende mwendo wa kuimba, asikimbie. Fuso likaondoka. Nilisimama mpaka kitambaa cheupe kikapotea kati ya bodaboda. Ni mara ya kwanza nililiona gari langu likiondoka na mimi nimebaki njiani, na sikujisikia nimeachwa.

Mwamvua alikuja akasimama kando yangu. Akauliza kwa nini nimeshuka kwenye gari langu mwenyewe wakati nyuma kuna nafasi ya watu ishirini. Nikamweleza kwa ufupi. Alinisikiliza akipangusa mikono kwenye dera lake.

"Ningekuwa mimi ningemfunika na turubai," akasema. Kisha akacheka kidogo. "Ndiyo maana mchele wangu naupakia kwenye gari lako."

Akamwita msaidizi wake afunge ghala, akajitupia mtandio. Nilimwuliza anakwenda wapi. Akasema kwani mimi nakwenda wapi, si Chato? Msiba umesimama mlangoni kwake, yeye ni Mwislamu, hawezi kuuacha upite peke yake. Tukapanda basi pamoja. Nauli yangu alilipa yeye, nikikataa ananifinya kiunoni kama dada mkubwa. Njiani hakugusia bima hata kidogo. Alinisimulia habari ya mama yake.

Tulifika Chato watu wamekwisha kukaa, ziwa linaonekana ng'ambo ya migomba. Trafiki, Chacha aliniambia, aliwasimamisha kweli. Alifunua turubai, akaona jeneza na sufuria. Akaja mbele akamwona mwanamke amepiga magoti kwenye kiti, anaimba, mkono umepita dirishani. Hakuuliza leseni. Alirudi nyuma hatua moja akapiga saluti.

Wanawake wa Haisi walinikaribisha kwa ubaridi. Walikuwa wameona Fuso limekuja bila mimi, wakasema nimerudi nyumbani kutoka Katoro. Nilipita nikaenda jikoni, nikashika mwiko. Tulimzika Martina jua likiwa bado na nguvu. Katekista akaita neno la shukrani la upande wa marehemu, na kila mtu alitegemea mjomba mmoja aliyevaa koti. Akasimama Serafina.

Aliwashukuru wote kwa utaratibu. Halafu akasema kwamba alipanda nyuma ya Fuso kwa kujificha, kwa hasira, kwa sababu alisikia Mama Limi anaona dada yake ni mzigo. Akasema Mama Limi alimkuta Katoro, na badala ya kumfukuza akatoka yeye kwenye gari lake.

"Kutoka Katoro mpaka hapa nilikuwa nimemshika," akasema. "Sikuwa natazama mashimo, sikuwa naogopa. Nilikuwa naimba tu. Sijui wengine mnasindikizaje, lakini mimi dada yangu nimemsindikiza vizuri."

Akakaa. Mzee Mageni alikuwa ameinamia fimbo yake. Wakati wa chakula, yeye, mwanamume, mwenyekiti, alikuja mpaka jikoni na sahani ya wali mkononi, akaniwekea mbele. "Wabeja, mayu," akasema, asante mama, kwa lugha yetu ya nyumbani, na akaongeza kwamba yale maneno yake ya juzi niyapeleke kwa wakala, labda wana bima ya mdomo. Wanawake wakacheka, na safari hii walikuwa wananitazama.

Mwaka wa bima ulipokwisha nilimwendea Agnetha na jambo moja lililonisumbua. Gari alilolikagua lilikuwa na kioo nyuma, sasa halina. Nilikuwa nimempa seremala wa Kambarage atengeneze kilango kidogo cha mbao chenye bawaba, kinachofunguka na kufungwa mvua ikinyesha. Kioo chenyewe kilikuwa nyumbani, chini ya kitanda, bado kimefungwa kwenye ile khanga. Nilimweleza kilivyotoka, na Serafina aliyejificha nyuma, nikitaka aandike kabla mtu mwingine hajamwambia.

Alitoka nami mpaka parokiani, akazunguka gari, akapiga picha. Akapanda mbele, akafungua kile kilango, akapiga magoti juu ya kiti na viatu vyake vizuri vya ofisini, akachungulia kule nyuma. Alikaa hivyo muda kidogo. Mlinzi wa kanisa alinitazama, nikampa ishara amwache.

Aliposhuka alisema kilango hakiongezi bei. Mwaka umepita bila ajali, bila madai, na yule aliyejificha nyuma nilimshusha mwenyewe nilipomwona, kwa hiyo bei imeshuka. Akanitajia. Nilimwomba arudie, kwa sababu nilitaka kuisikia tena nikiwa nimetazama msalaba wa kanisa.

Mchele wa Mwamvua bado unakwenda Katoro. Chacha bado anatutania. Na msiba ukitokea mtaani, hawaji tena kuniuliza watu wakusanyike saa ngapi. Wanakodi Haisi yao mapema, kikundi kimeanza kutenga fungu kwa ajili hiyo, kisha wanakuja kuniomba lile gari la kidirisha. Wanajua wenyewe kuwa mbele wanakaa wawili. Hawaulizi nani. Kimoja ni cha mwenye msiba, kingine ni cha mwanamke atakayepiga magoti.

Mimi napanda Haisi na wenzangu. Tumebanana, tunaimba, na kila tukilipita Fuso njiani natazama kama kile kilango kiko wazi. Kikiwa wazi, nasema asante.